Elektroni zipite, joto libaki

Mashine ya maji ya kunywa pale ofisini kwetu ina koki mbili, nyekundu na bluu. Nyekundu haijawahi kutusumbua. Ile ya bluu ilianza kutoa maji ya uvuguvugu mwezi wa pili, jua la Dar es Salaam likiwa kwenye ukali wake. Fundi alipofungua mgongo wa mashine kwa bisibisi nikachungulia, nikitarajia kuona kompresa na mabomba ya shaba kama ya friji. Sikuona kitu cha namna hiyo. Palikuwa na feni ndogo iliyojaa vumbi, bamba la alumini lenye mapezi, na katikati yake kigae cheupe cha mraba, sentimita nne kwa nne, chenye nyaya mbili ubavuni.

"Hii haina gesi, kaka," fundi akaniambia. "Hiki kigae ndiyo friji yenyewe. Feni imekufa, kikajichoma."

Alifunga kipya, na kile kibovu akaniachia. Nilikipasua nyumbani kwa kisu cha jikoni. Bamba mbili nyembamba za kauri zikatengana, na katikati yake vikaonekana vipande vidogo vya kijivu vilivyopangwa mistari, vinang'aa kama risasi iliyokatwa sasa hivi, hakuna kinachozidi punje ya mchele. Usoni pa kigae paliandikwa namba inayoishia na 12706. Wauzaji wa vifaa vya umeme wanaisoma bila kufikiri: 127 ni jozi za vipande, 06 ni ampea. Jozi 127 ni vipande 254, vyote vimeunganishwa mkia kwa kichwa kama treni.

Vipande hivyo ni telluridi ya bismuthi, semikonda (kitu kinachopitisha umeme kuliko kauri lakini kidogo kuliko metali) iliyotiwa antimoni au seleni. Ukiipitishia umeme, upande mmoja unapoa na wa pili unapata moto. Ukigeuza mambo, ukapasha moto upande mmoja na kupoza mwingine, inakupa umeme. Hakuna kinachozunguka, hakuna mvuke, hakuna cha kulainisha kwa grisi. Kule Olkaria joto la ardhini linageuzwa umeme kwa visima, mabomba ya mvuke na turbini. Hapa kazi hiyohiyo inafanywa na jiwe lililotulia tuli. Tatizo ni kwamba jiwe lenyewe ni mvivu mno. Kwa nini ni mvivu, na kwa nini kulisaga mpaka chembe za nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, kunalichangamsha, ndiyo habari ninayotaka kuifungua hapa.

Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck, mzaliwa wa mji unaoitwa leo Tallinn, aliunganisha metali mbili tofauti kuwa pete, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye aliamini joto limezaa usumaku. Ørsted wa Denmark ndiye aliyeona kwamba kilichozaliwa ni mkondo wa umeme, na sindano ilikuwa inauitikia mkondo huo. Mwaka 1834 Jean Peltier, Mfaransa aliyeanza maisha kama fundi saa, akaona upande wa pili wa jambo: mkondo ukipita kwenye kiungo cha metali mbili, kiungo kinapoa au kinapata joto, kutegemea mkondo unaelekea wapi. Miaka minne baadaye Lenz, mwanafizikia wa Urusi, aliweka tone la maji kwenye kiungo cha bismuthi na antimoni, likaganda. Akageuza mkondo, likayeyuka. Mashine yetu ya ofisini haina uchawi zaidi ya tone lile.

Kinachotokea ndani si kigumu kukielewa. Elektroni huru zilizo upande wa moto zina nishati zaidi, zinasambaa kuelekea upande wa baridi na kurundikana huko, nyuma zikiacha upungufu. Rundo huku, upungufu kule: hiyo ndiyo volti. Shaba inatoa mikrovolti (sehemu za milioni za volti) 2 hivi kwa kila digrii ya tofauti. Themokapo ya aina ya K, kipimajoto cha nyaya za metali mbili kinachotumika kupimia matanuri, inatoa 41 hivi. Telluridi ya bismuthi inafika 200. Ziko pia semikonda ambazo ndani yake kinachosafiri ni nafasi tupu zilizoachwa na elektroni, na hizo hutoa volti ya upande wa pili. Ndiyo sababu vipande huja kwa jozi, kimoja cha kila aina, ili volti zijumlishwe badala ya kufutana.

Mtego uko wapi

Ubora wa kitu cha namna hii hupimwa kwa namba moja iitwayo ZT. Chukua volti kwa kila digrii, uizidishe yenyewe kwa yenyewe. Zidisha kwa upitishaji wa umeme. Zidisha kwa halijoto katika kelvini, yaani nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273. Halafu gawanya kwa upitishaji wa joto. Yaani kitu kitoe volti nyingi, kiruhusu umeme upite, na kizuie joto lisivuke. Sharti la mwisho ndilo gumu. Joto likivuka bure, pande mbili zinalingana na volti inakufa.

Ukitaka umeme upite vizuri, ongeza elektroni. Lakini elektroni zikiwa nyingi, volti kwa digrii inashuka. Shaba ina elektroni huru zaidi ya 8 × 10²² katika kila sentimita ya ujazo, na mikrovolti zake mbili hazina maana. Zipunguze sana, kama kwenye kauri, volti inapanda lakini umeme haupiti. Kilele kiko katikati, kwenye 10¹⁹ hadi 10²⁰ hivi, na hapo ndipo zinapokaa semikonda zilizochafuliwa makusudi kwa kipimo, kama mpishi anayetia chumvi. Juu ya hayo, elektroni zenyewe hubeba joto. Wiedemann na Franz walionyesha mwaka 1853 kwamba metali inayopitisha umeme vizuri inapitisha na joto vizuri, kwa uwiano uleule. Huwezi kuwafungulia mlango wapita njia halafu ukawaambia waache mizigo yao nje.

Lakini joto lina msafirishaji wa pili, na huyu habebi umeme hata chembe: mtikisiko wa atomi. Atomi za upande wa moto zinatikisika, zinazitikisa jirani zake, na mtikisiko unasafiri ndani ya fuwele kama wimbi. Kifurushi kimoja cha wimbi hilo wanafizikia wanakiita fononi. Kwenye silikoni safi karibu joto lote husafirishwa na fononi. Basi huyu ndiye wa kuzuiwa. Katika miaka ya 1990 Mmarekani Glen Slack alilitamka lengo hilo kwa maneno machache yanayonukuliwa mpaka leo: tafuta kitu ambacho kwa fononi ni glasi, kwa elektroni ni fuwele. Kwenye glasi atomi zimekaa ovyo na mtikisiko haufiki mbali. Kwenye fuwele zimekaa kwa mpango na elektroni inateleza.

Kabla ya hapo uwanja huu ulikuwa umelala. Mwaka 1954 Julian Goldsmid na mwenzake, Uingereza, walipoza kiungo cha telluridi ya bismuthi kwa digrii 26, na biashara ya vigae ikazaliwa. Miaka karibu 40 iliyofuata, ZT ya vitu vinavyouzwa ilibaki karibu na 1. Nifanye hesabu ili uone 1 ni ndogo kiasi gani. Upande wa moto ukiwa nyuzi 200 za Selsiasi na wa baridi nyuzi 30, kanuni za joto zinaruhusu mashine kamilifu igeuze asilimia 36 ya joto kuwa umeme. Kifaa chenye ZT ya 1 kinageuza asilimia 7 hivi. Ukifika 2, unapata 11. Ukifika 3, unakaribia 14. Turbini inacheka.

Miamba na milango

Mwaka 1993 Mildred Dresselhaus na mwanafunzi wake Lyndon Hicks, huko MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walichapisha hesabu zilizoamsha watu. Walisema: ukiibana elektroni ndani ya utando wa unene wa nanomita chache, au ndani ya waya mwembamba kiasi hicho, ngazi zake za nishati zinajipanga upya, na volti kwa digrii inaweza kupanda bila kuua upitishaji wa umeme. Unywele wa mtu una upana wa nanomita kama 80,000. Dresselhaus alikuwa tayari ni jina kubwa kwa kazi zake za kaboni, na watu walisikiliza.

Majaribio yalipokuja, faida kubwa ilitokea mahali tofauti kidogo na zilipoelekeza hesabu zile. Sifa za umeme ziliboreka kwa kiasi. Kilichoanguka kwa kishindo ni upitishaji wa joto. Makala nyingi hupita hapa haraka, nami nataka kukaa.

Fononi na elektroni hazina hatua sawa. Kwenye silikoni, fononi nyingi zinazobeba joto huenda mamia ya nanomita, nyingine zaidi ya mikromita nzima (nanomita 1,000), kabla ya kugonga chochote. Elektroni ndani ya semikonda iliyochafuliwa sana haifiki mbali hivyo: nanomita chache, pengine makumi machache. Sasa jenga kuta kila baada ya nanomita 50. Fononi iliyozoea kwenda mikromita inagonga ukuta hatua ya kwanza tu. Elektroni, yeye, alikuwa ameshagongana na hili na lile mara kadhaa kabla hata ya kuuona ukuta, kwa hiyo ukuta haumwongezei tabu kubwa.

Mtu wa pwani atalielewa vizuri zaidi akifikiria bahari. Mawimbi marefu ya kusi hayajali nguzo moja ya gati. Yanaizunguka na kuendelea kana kwamba haipo. Yanavunjwa na mwamba. Viwimbi vidogo vya ndani ya ghuba, hivyo hata mti mmoja wa mkoko unavivuruga. Na mwamba huohuo unaovunja mawimbi una mlango wake ambao ngalawa inapita. Fononi nazo ziko za kila urefu. Za mawimbi mafupi huvurugwa na atomi moja ngeni iliyopandikizwa mahali pa mwenyeji. Za kati huvurugwa na vijidonge vya nanomita chache vya madini mengine vilivyotawanywa ndani. Ndefu zinahitaji mipaka ya chembe zenyewe. Mwaka 2012 kundi la Mercouri Kanatzidis wa Chuo Kikuu cha Northwestern liliweka vizuizi vya saizi zote tatu ndani ya telluridi ya risasi, likapata ZT ya 2.2 kwenye kelvini 915. Waliacha na milango: vijidonge vilichaguliwa ili ngazi za nishati zake zilingane na za mwenyeji, mbebaji wa umeme avuke bila kujikwaa.

Njia ya bei rahisi zaidi ilikuwa imeonyeshwa mwaka 2008 na watu wa Boston College na MIT, na mimi ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inafanana na kazi ya kinu. Walichukua aloi ya bismuthi, antimoni na telluri, wakaisaga ndani ya chombo chenye mipira migumu mpaka ikawa unga wa chembe za nanomita, kisha wakaushindilia unga huo kwa moto na kanieneo ukawa kipande kigumu tena. Madini yaleyale, mchanganyiko uleule wa zamani. Kilichoongezwa ni mipaka mingi tu. ZT ikapanda mpaka 1.4 kwenye nyuzi 100. Mwaka huohuo makundi mawili ya California, la Berkeley na la Caltech, yalionyesha kwamba hata silikoni, ambayo kwa kawaida ZT yake kwenye halijoto ya chumba ni kama 0.01, inaweza kubadilika. Nyaya za Berkeley za upana wa nanomita 50 hivi, zenye uso uliokwaruzwa, zilipunguza upitishaji wa joto kwa takriban mara 100, na ZT ikafika 0.6.

Kinu kina hasara zake. Unga laini una uso mkubwa mno, na oksijeni inaupenda. Ukiuacha hewani, kila chembe inavaa kanzu ya oksidi, na elektroni sasa ndizo zinazokwama. Kwa hiyo usagaji hufanywa ndani ya agoni, gesi isiyoungana na kitu. Hasara nyingine ni kwamba ukiupasha moto unga ulioshindiliwa kwa muda mrefu, chembe ndogo humezwa na kubwa, kuta zinapungua, na kazi yote ya kinu inaanza kufutika ndani ya kifaa chenyewe.

Mwanga unaona nini

Mtu anaweza kuuliza mwanga unahusikaje na kitu kinachofanya kazi gizani, kimebanwa kati ya bamba mbili za kauri. Unahusika kwa sababu elektroni zinazobeba mkondo ndizo hizohizo zinazouitikia mwanga. Ukijua kuuliza, mwanga unakueleza habari za umeme bila kugusa kipande kwa waya.

Kila semikonda ina pengo la nishati, yaani kiasi ambacho elektroni iliyofungwa inahitaji ili iruke na kuwa huru. Kipimo chake ni elektronivolti, nishati ambayo elektroni moja inapata ikisukumwa na volti moja. Silikoni inataka 1.1, telluridi ya risasi 0.3 hivi, telluridi ya bismuthi 0.15 tu. Mwanga tunaouona kwa macho hubeba kuanzia 1.7 hadi 3.1, mara kumi na zaidi ya pengo hilo la mwisho, kwa hiyo vile vipande nilivyovipasua haviwezi kuwa kama kioo: mwanga wote vinaumeza au vinaurudisha, ndiyo ule mng'ao wa kijivu. Ukitaka kuuona ukingo wa pengo lake sharti uende mbali ndani ya infraredi, mwanga wa mawimbi marefu usioonekana kwa macho, kwenye mawimbi ya mikromita 8 hivi.

Ukingo huohuo wa mwanga unakuambia kifaa kitafaa wapi. Pengo likiwa dogo na moto ukizidi, joto lenyewe linarusha elektroni na kuacha nafasi tupu nyuma. Zote mbili zinakimbilia upande wa baridi, zina chaji kinyume, na volti zinafutana. Hii ndiyo sababu telluridi ya bismuthi inafaa kwa maji ya kunywa lakini inachoka ukivuka nyuzi 200 na kitu. Kwa moto wa kati unakwenda kwenye telluridi ya risasi. Kwa moto mkali wa kufika nyuzi 1,000 unakwenda kwenye silikoni na gerimani.

Kitu kikiwa kidogo sana, pengo linapanuka. Kwenye selenidi ya kadimi jambo hili linaonekana kwa macho matupu: chembe za nanomita 2 hivi zinang'aa bluu, za nanomita 6 nyekundu, madini ni yaleyale. Ekimov, Brus na Bawendi walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023 kwa kazi hiyo. Kwenye utando mwembamba wa telluridi ya bismuthi linatokea vilevile, ila ndani ya infraredi ambako jicho letu ni kipofu.

Hapa pana kosa ambalo nimeliona mara nyingi kwenye makala za vyuoni. Mtafiti anatengeneza unga wa nano, anapima unavyomeza mwanga, anakuta ukingo umesogea kuelekea mawimbi mafupi, na anaandika: tazama, elektroni zimebanwa. Pengine si kweli. Tangu 1954, kwa kazi za Burstein na Moss, inajulikana kwamba semikonda ikichafuliwa sana ngazi za chini zinajaa, na mwanga unalazimika kuirusha elektroni juu zaidi. Pengo linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Unga uliosagwa una kasoro nyingi, na kasoro huleta elektroni za ziada. Tena chembe za unga ulioshindiliwa kwa kawaida ni kubwa mno kwa kubanwa huko kuwa na nguvu. Faida yake inatoka kwenye kuta. Bila kuhesabu elektroni kwa njia nyingine, grafu ya mwanga peke yake haitoshi kutoa hukumu.

Njia moja ya kuzihesabu ni ya mwanga vilevile. Kundi kubwa la elektroni huru linaurudisha mwanga, ndiyo sababu metali zinang'aa. Lakini mwanga ukitikisika upesi kuliko kundi linavyoweza kuufuata, unapenya. Kwenye fedha na alumini mpaka huo uko kwenye miale ya urujuanimno. Kwenye semikonda iliyochafuliwa, yenye elektroni chache kwa mara elfu, mpaka unashuka mpaka infraredi. Piga infraredi kwenye kipande kilichosuguliwa vizuri, badilisha urefu wa wimbi polepole, na utaona mrudisho unaanguka ghafla kama ngazi. Mahali unapoangukia panakupa idadi ya elektroni ikigawanywa kwa uzito wake ndani ya fuwele. Linganisha na kipimo cha Hall, kinachohesabu elektroni kwa mkondo na sumaku, na unaupata uzito wenyewe. Jicho na waya vinasimulia jambo moja. Vikipingana, kuna kitu umekosea.

Fononi nazo zina dirisha lao. Raman wa India alionyesha mwaka 1928 kwamba sehemu ndogo sana ya mwanga uliogonga kitu hurudi imebadilika rangi kidogo, kwa sababu imeachia au imechukua mtikisiko mmoja. Telluridi ya bismuthi hujengwa kwa tabaka za atomi tano tano zilizolaliana kama chapati. Ukizipunguza zikabaki chache, katika mwanga huo huchomoza mstari mmoja ambao kwenye kipande kinene ulinganifu wa fuwele unaukataza. Mwenye maabara anautazama mstari huo kujua kama kweli amepata utando mwembamba au anajidanganya. Na upitishaji wa joto wa utando kama huo, ambao hakuna kipimajoto cha kuubana pande mbili, hupimwa kwa leza: mpigo mmoja unapasha uso, mpigo wa pili unaufuata baada ya sehemu ndogo mno ya sekunde na kuangalia jinsi uso unavyorudisha mwanga kadiri unavyopoa.

Mara chache mwanga unakuwa lengo lenyewe. Iodidi ya shaba ina pengo la elektronivolti 3 hivi, kwa hiyo inapitisha mwanga wa macho. Mwaka 2017 watafiti walionyesha utando wake unaoonekana kama kioo wenye ZT ya 0.21 kwenye halijoto ya chumba. Ni ndogo, lakini telluridi ya bismuthi huwezi kuipaka dirishani.

Rekodi na mashaka

Napenda kusoma habari za rekodi za ZT kwa tahadhari. ZT haipimwi moja kwa moja. Unapima volti, umeme, na joto, kila kimoja na makosa yake, kisha volti unaizidisha yenyewe kwa yenyewe. Makosa ya asilimia 15 au 20 kwenye jibu la mwisho si ajabu. Vitu hivi vingi ni vya tabaka, na umeme unapita vizuri sambamba na tabaka huku joto likikwama kuzivuka. Mtu akipima umeme kwa upande mmoja na joto kwa upande mwingine, hata bila nia mbaya, anapata namba tamu isiyokuwepo. Mwaka 2001 iliripotiwa ZT ya 2.4 kwenye tabaka nyembamba za telluridi ya bismuthi na telluridi ya antimoni zilizopishana. Wengine wamehangaika kuirudia.

Kisa cha selenidi ya bati ndicho kinachonifurahisha zaidi. Mwaka 2014 Northwestern ilitangaza ZT ya 2.6 kwenye kelvini 923, na haikuwa nano hata kidogo: fuwele moja nzima, ambayo vifungo vya atomi zake vimelegea kiasi kwamba fononi haziendi popote. Waliojaribu kutumia unga wake, ulio rahisi zaidi kutengeneza, walipata matokeo mabaya kuliko fuwele, kinyume cha kila nilichoeleza hapo juu. Kuta zilikuwa nyingi lakini joto lilikuwa linapita. Mwaka 2021 jibu likatoka: chembe zilikuwa zimevaa utando mwembamba wa oksidi ya bati, na oksidi hiyo inapitisha joto vizuri. Walipouondoa, unga ulifika 3.1 hivi.

Kuna na suala la mifuko. Telluri ni adimu kwenye gamba la dunia kama platinamu. Ndiyo maana wengine wanahangaika na silisidi ya magnesi, salfidi za shaba na antimoni, hata plastiki zinazopitisha umeme. ZT zake nyingi ziko chini, lakini nani atafunika dohani la kiwanda cha saruji kwa telluri?

Vigae vyenyewe viko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mashine za PCR, zile zilizotupima wakati wa korona, nyingi hupandisha na kushusha halijoto ya sampuli kwa vigae vya Peltier. Leza nyingi zinazosukuma data kwenye kebo za chini ya bahari, kama zile zilizofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, zimekalia kigae kinachozuia rangi ya mwanga wake isiyumbe. Kenya kumeuzwa majiko ya kuni ya BioLite ambayo kipande cha namna hii kinaendesha feni ya kupulizia moto. Na vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977 vikiwa na wati 470 hivi kila kimoja kutokana na joto la plutoni, vinaendelea kuishi kwa vipande vya silikoni na gerimani ambavyo havina unano wowote, vikipoteza wati 4 hivi kwa mwaka. Hakuna anayevipelekea fundi.

Nilinunua kigae kizima nijaribu mwenyewe. Hesabu ni rahisi: vipande 254, mikrovolti 200 kila kimoja, ni karibu volti 0.05 kwa kila digrii. Nikaweka sahani ya barafu chini, kigae katikati, kikombe cha chai ya moto juu. Kati ya chai na barafu palikuwa na nyuzi 80 na ushei, kwa hiyo nilitarajia volti 4. Mita ikasoma 0.9.

Kigae hakikuwa na kosa. Joto lilikuwa linakwama kwenye udongo wa kikombe, kwenye hewa iliyo chini yake, kwenye sahani. Kigae chenyewe kilikuwa kinapata nyuzi zisizofika 20. Nikabadilisha kikombe kwa sufuria ndogo ya alumini, nikapaka pande zote mbili ile krimu nyeupe wanayopaka mafundi wa kompyuta, nikaweka barafu kwenye sinia la alumini. Mita ikapanda mpaka 2.1. Nikaunga taa ndogo nyekundu ya LED. Ikawaka, hafifu, kama sigara gizani. Mwanangu akashangilia, akaitazama, akaniuliza kama inaweza kuchaji simu. Barafu ilikuwa imeshaanza kuwa maji, na kabla sijamjibu taa ilikuwa inafifia.